Nimeambiwa nifute mradi kwenye tovuti yangu: nifanyeje?

SWALI: Nina tovuti inayoorodhesha miradi ya programu huria: jina, leseni, README nzima (faili la maelezo ya mradi), na kiungo cha GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo wenyewe. Seva nimekodi Marekani. Kuna mtu ameniandikia kwamba mradi mmoja ni msimbo wake ulioibwa, nifute ukurasa ndani ya saa 24. Nifute, au nimwambie aende GitHub?

JIBU: Kwanza tenganisha ulichokinakili na ulichokielekeza tu. Msimbo haupo kwako, lakini README ipo, na kama ni yake, hiyo ni juu yako. Kumsukumia GitHub hakutoshi.

Pili, isome barua yenyewe. Sheria ya Marekani ya hakimiliki za kidijitali, DMCA ya 1998, kifungu cha 512, inamtaka mlalamikaji ataje kazi yake, ataje ukurasa anaoulalamikia, aweke mawasiliano na sahihi, na atamke kuwa ana mamlaka ya kulalamika. Kwa tamko hilo, akidanganya, ni kosa la kiapo cha uongo. Saa 24 hazimo humo, ila unatakiwa kuchukua hatua haraka. Kikipungua kitu, muombe akamilishe. Usikae kimya: atakwenda kwa wenye seva, na wao wanaweza kuzima tovuti nzima kwa ajili ya ukurasa mmoja. Kinga ya kifungu hicho, yaani kutodaiwa fidia kwa kazi za watu zilizo kwenye tovuti yako, inataka pia uwe umesajili wakala wa kupokea malalamiko katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani. Ni dola 6 kila miaka 3, sioni sababu ya kubania.

Angalia pia analalamikia nini hasa. Oktoba 2020 GitHub iliondoa youtube-dl, programu ya kupakua video, kwa barua ya RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, ambayo hoja yake kubwa ilikuwa kuvunja kufuli za kidijitali, si kunakili msimbo. Novemba mradi ukarudishwa.

Barua ikikamilika, ondoa README na kiungo, mjulishe aliyeuweka mradi GitHub na umpe nafasi ya kupinga.

Sasa pale wengi wanapokwama: unafuta leo, usiku roboti yako, yaani programu inayokusanya miradi yenyewe, inaukusanya tena. Weka orodha ya miradi iliyozuiwa, roboti iisome kabla ya kukusanya chochote. Tumia namba ya utambulisho wa mradi, si anwani yake, maana jina lililomo hubadilishwa wakati wowote. Futa na nakala za muda pamoja na matokeo ya utafutaji wa ndani. Ukurasa wenyewe urudishe msimbo wa hali 451 (namba ambayo seva humjibu kivinjari), uliotengwa kwa vilivyozuiwa kisheria, badala ya 404, ya ukurasa usiopatikana.