Kondoo hudungwa, ami anameza: kwa nini?

SWALI: Assalamu alaikum Dokta. Ami yangu alipandikizwa figo na anameza kapsuli za siklosporini asubuhi na jioni ili mwili usiikatae. Nimesoma kwamba kondoo wa majaribio ya upandikizaji hudungwa dawa hiyo hiyo mshipani. Mbona yeye anameza? Tena anauliza: inatolewa mwilini na figo hiyo hiyo mpya?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikumu salamu, mwanangu. Siku ukipita kwa mchinjaji, mtazame akipasua tumbo la kondoo. Tumbo la kwanza pekee hujaza beseni, na ndani yake nyasi za jana bado ni nyasi. Kondoo hucheua, ana matumbo manne, na akishakua, kila anachomeza huanzia humo. Dawa ikitua hapo huchanganyika na malita ya maji na majani, ikae na vijidudu vinavyoozesha nyasi, kisha iteremke kidogo kidogo hadi utumbo mwembamba, ambako ndiko hufyonzwa. Na siklosporini hupenda mafuta, haipatani na maji. Mtafiti akimnywesha kondoo, ni vigumu kujua kiasi gani kitafika kwenye damu, na saa ngapi. Akimdunga, anajua. Mwanakondoo anayenyonya ni habari nyingine: kuna mfereji unaojikunja na kuyapitisha maziwa moja kwa moja hadi tumbo la nne.

Ami ana tumbo moja, alhamdulillahi, kwa hivyo kapsuli inamfaa. Hata hivyo, kwa kawaida ni kama theluthi tu ya anachomeza inayoingia kwenye damu, na watu hutofautiana sana. Vimeng'enya vya ukuta wa utumbo huikatakata dawa kabla haijapita, na ini humalizia kazi. Mabaki hutoka na nyongo, yaani kwa njia ya choo kikubwa. Kwenye mkojo hutoka kama asilimia 6 tu. Mwambie basi kwamba mzigo huo ni wa ini. Lakini dawa ikizidi kwenye damu huiumiza figo, na hapo ndipo nataka awe mwangalifu.

Balungi asiliguse, wala maji yake. Huzima vile vimeng'enya vya utumbo, dawa ikapanda. Rifampisini, ile ya kifua kikuu, hufanya kinyume: huvichochea, dawa ikashuka, mwili ukaanza kuikataa figo. Zipo dawa za fangasi zinazoipandisha pia. Akiandikiwa chochote kipya, aseme kwanza anachomeza.

Kapsuli zikae kwenye karatasi yake ya fedha mpaka wakati wa kumeza. Ile harufu kali akiifungua ni ya kawaida.

La mwisho ndilo linalonisumbua zaidi kwa wagonjwa wa Lamu. Wanapanda boti alfajiri hadi Mokowe, wanashika basi kuja kupima damu, na kapsuli wameshameza nyumbani. Kipimo hicho kwa kawaida huchukuliwa saa 12 baada ya dozi ya jioni, kabla ya ile ya asubuhi. Akimeza kwanza, namba itakuwa juu, na daktari anaweza kumpunguzia dawa bila sababu. Apange safari na kliniki yake mapema, ikibidi alale huku kwa jamaa, kapsuli za asubuhi azitie mfukoni, na azimeze akishatolewa damu.