Mzee Aliyelala Kabla ya Taarifa ya Habari

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: kituo cha televisheni kikitaka kumbadilisha mtangazaji wa kipindi kinachopendwa, kiwaambie watazamaji mapema au kifanye kimya kimya?

Mimi nasema kiseme mapema, kwa sharti moja: kiwe kimekwisha kukubali kwamba yule wa zamani anaondoka. Kama bado kinamng'ang'ania, afadhali kinyamaze. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuyatazama kwa karibu mabadiliko ya namna hiyo yakiharibika. Kwa karibu kabisa, maana baina yangu na skrini hazikuzidi hatua tatu.

Mwaka 2009 nilikuwa Ohio, Marekani, nikifanya kazi katika nyumba ya wazee. Siku tatu kwa wiki nilikuwa napiga dabo, yaani zamu mbili mfululizo, naingia saa 9 alasiri natoka saa 1 asubuhi. Chumba cha mwisho kwenye korido alikaa mzee mmoja mstaafu ambaye usiku wake haukubadilika. Saa 4 usiku anatazama tamthilia, mara nyingi ya polisi na mahakama. Saa 5 taarifa ya habari ya mji wao, hasa kwa ajili ya hali ya hewa. Saa 5:35 mchekeshaji Jay Leno na The Tonight Show, kipindi cha porojo na mahojiano cha NBC, moja ya mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani. (Nahesabu saa kwa Kiswahili, Marekani nilihesabu hivyo hivyo kichwani, na mara mbili nilichelewa zamu kwa ajili yake.) Leno anatoka, anapiga porojo za mwanzo, mzee anacheka mara mbili tatu, kisha ananyoosha rimoti upande wangu bila neno. Maana yake: zima. Wageni waliokuja kuhojiwa hakuwataka, awe mwigizaji mkubwa namna gani.

Ile rimoti ilinifunza zaidi ya nilichosoma baadaye magazetini. Mzee alimpenda Leno, ndiyo, lakini hakuwa akimfuata. Aliketi kwenye kiti chake saa 4, na kila kilichokuja kilimkuta pale pale.

Sasa turudi nyuma kidogo. Septemba 2004, siku ambayo The Tonight Show ilitimiza miaka 50, NBC ilitangaza kwamba Leno atamwachia kiti mchekeshaji mwenzake Conan O'Brien mwaka 2009. Miaka mitano mbele! Hata posa za kwetu, pamoja na wajomba wote wa kushauriwa, hazichukui muda huo.

Haikuwa wazimu. Ilikuwa hofu, na hofu ile ilikuwa na historia. Mei 1991 Johnny Carson, aliyekuwa amekalia kiti hicho tangu 1962, alisimama New York mbele ya wenye vituo vinavyorusha vipindi vya NBC akasema baada ya mwaka mmoja anaondoka. Hakuwa amemwonya mtu. Waliokuwa wakikitazama kiti ni wawili: Leno, aliyekuwa akimshikia Carson zamu, na David Letterman, aliyekuwa na kipindi kinachofuata baada ya Carson tangu 1982. NBC ikamchukua Leno. Letterman akafunga virago, na Agosti 1993 akafungua kipindi kipya CBS, washindani wa NBC, saa ile ile. Kwa karibu miaka miwili akawa anaipiga NBC kwa watazamaji, hadi Leno alipomshinda mwaka 1995.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwaka 2004 Conan alikuwa anakalia saa ile ile aliyoiacha Letterman, na kampuni nyingine zilikuwa zinamnyemelea. NBC ikaona: tumpe ahadi, tumpe na tarehe, atulie. Kwa karatasi ni mpango mzuri kabisa. Hakuna ugomvi, kila mtu anajua siku yake, na anayeondoka ana miaka mitano ya kuaga.

Tatizo ni kwamba mtu anayeaga kwa miaka mitano bado yupo. Ilipofika 2009 Leno hakuwa amechoka, wala watazamaji hawakuwa wamemchoka. Alikuwa bado wa kwanza. Sasa NBC ikaanza kumwogopa yeye: je, akienda kwa washindani kama Letterman? Kwa hiyo Desemba 2008 wakatoa dawa. Conan atachukua The Tonight Show kama alivyoahidiwa, na Leno atapewa kipindi kingine kipya, saa 4 usiku, Jumatatu hadi Ijumaa.

Hapa ndipo ningependa tukae, kwa sababu watu wengi husimulia kisa hiki kama ugomvi wa wanaume wawili. Ugomvi ulikuja baadaye. Kosa lilikuwa la hesabu, na ni hesabu ambayo mzee wangu angeweza kuwafanyia bure.

Kwanza, kwa nini ilionekana ni akili? Kwa sababu saa 4 usiku NBC ilikuwa inaonyesha tamthilia, na tamthilia ni ghali: waigizaji, magari, helikopta, maiti za kujifanya. Kipindi cha mtu mmoja, meza na bendi ni cha bei rahisi. Hata kikipata watazamaji wachache kuliko tamthilia, NBC yenyewe inaweza kutoka na faida.

Lakini NBC haikai peke yake. Vituo vinavyowafikishia watu vipindi vyake vinazidi 200, na vingi ni mali ya watu wengine. Vituo hivyo hula kwa taarifa yao ya habari ya saa 5, maana matangazo ya biashara ya mle ndani wanayauza wenyewe. Na watazamaji wa saa 5 wengi wao ni wale walioachwa kitini na kipindi cha saa 4. Ni kama maji ya mfereji: ukiyachepusha juu, wa chini anakuta tope. Kuna kituo cha Boston kilichoiona hatari mapema. Aprili 2009 kilisema hakitamwonyesha Leno, kitaweka taarifa ya habari saa 4. NBC ikatishia kukinyang'anya vipindi vyake vyote, kikanywea.

Na NBC nayo iliijua hatari hiyo. Ndiyo maana sehemu za Leno zilizopendwa sana, kama ile ya kuonyesha vichwa vya habari vya magazeti vilivyokosewa, zilipangwa mwishoni mwa saa, ili watu wangoje mpaka taarifa ya habari.

Mzee hakungoja. Kipindi kipya kilianza Septemba 14, 2009. Usiku ule Leno alitoka saa 4, akapiga porojo zake, mzee akacheka mara mbili tatu. Saa 4:20 rimoti ikaja upande wangu. Nikamwuliza, "Na hali ya hewa, Mzee?" Akasema atachungulia dirishani asubuhi. Tangu siku hiyo akawa analala kama saa moja na nusu mapema. Kwangu ilikuwa nafuu, sikatai. Nilipata muda wa kukunja mashuka kabla ya zamu ya usiku kuanza. Lakini kituo cha mji kilimpoteza, na Conan, aliyekuwa akitokea saa 5:35, hakupata hata nafasi ya kukataliwa naye. Mzee alikuwa amemwona mara chache tu mwezi Juni, akasema yule mrefu mwenye nywele nyekundu anarukaruka sana.

Kazidishe mzee huyo mara utakavyo, utapata kilichotokea Marekani nzima. Taarifa za habari za saa 5 zikaporomoka, wenye vituo wakapiga kelele, Conan akawa nyuma ya Letterman. Januari 2010 NBC ikatangaza kumwondoa Leno saa 4 kabla ya Olimpiki ya Vancouver kuanza mwezi Februari. Na bado, bado hawakutaka kumpoteza mtu! Mpango mpya ukawa hivi: Leno apewe nusu saa kuanzia 5:35, The Tonight Show isogee hadi saa 6:05, na Jimmy Fallon, mwenye kipindi kinachofuata, asukumwe hadi saa 7:05. Ni kama daladala iliyojaa ambayo konda anasema jibaneni, jibaneni, nafasi ipo.

Conan aliandika barua ya wazi Januari 12. Alisema kipindi hicho kimekuwa kikifuata mara baada ya taarifa ya habari kwa miaka sitini (kwa hesabu yake mwenyewe), kwamba kukisogeza hadi siku inayofuata ili kupisha kichekesho kingine ni kukiharibu, na kwamba yeye hatashiriki. Hiyo hoja ya "siku inayofuata" nilihitaji muda kuielewa. Jina la kipindi kile maana yake ni usiku wa leo, na kwa Mmarekani saa 6 usiku ikishapita leo imekwisha. Sisi tuliolelewa pwani siku yetu huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, na saa 6:05 iko katikati yake, haijavuka mpaka wowote. Nilijaribu kumweleza mwenzangu wa zamu, Mkenya kutoka bara, akasema tatizo langu ni usingizi.

Wanasheria wakakaa. Ilisemwa sana wakati ule kwamba mkataba wa Conan ulimwahidi kipindi lakini haukumwahidi saa. Mwishowe wakakubaliana: karibu dola milioni 45 kwa jumla, nyingi zake za Conan, na kiasi cha milioni 12 za wafanyakazi wake, ambao wengine walikuwa wamehamisha familia kutoka New York hadi Los Angeles kwa ajili ya kipindi kilichodumu miezi saba. Usiku wa mwisho ulikuwa Januari 22. Baadaye mwaka ule Conan akaenda TBS, kituo kingine cha televisheni.

Kwa hiyo anayesema kosa la NBC lilikuwa kutangaza mapema mno, namwuliza: mbona walipotangaza tena haikuwa hivyo? Aprili 2013 walisema Fallon atamrithi Leno Februari 2014. Miezi kumi. Leno hakupewa saa 4, hakupewa nusu saa, hakupewa kitu pale. Aliaga Februari 6, na Fallon akaanza Februari 17, kipindi kikirudishwa New York. Kichekesho ni kwamba wiki ile ya kwanza kilianza saa 6 kamili usiku, kwa sababu ya Olimpiki ya Sochi, na sikusikia mtu akisema leo imekwisha.

Na wanaopenda kimya kimya? Julai 2025 CBS ilitangaza kwamba The Late Show, ile ile iliyoanzishwa kwa ajili ya Letterman na kurithiwa na Stephen Colbert mwaka 2015, itafikia mwisho Mei 2026. Hakuna mrithi, jina lenyewe linastaafishwa. Colbert aliwaambia watazamaji ukumbini kwamba naye alikuwa ameambiwa usiku uliotangulia. Kampuni ilisema ni suala la fedha tu, na ni kweli vipindi hivi siku hizi havilipi kama zamani, watu wanatazama vipande kwenye simu asubuhi yake. Lakini siku tatu kabla, Colbert alikuwa amewakosoa wakubwa wake hewani kwa kumlipa Trump dola milioni 16 kumaliza kesi, wakati kampuni mama ya CBS ikingoja kibali cha serikali ili iungane na nyingine. Ukikata shauri kimya kimya, watu watalitafutia sababu wenyewe, na hawatachagua ile unayoipenda wewe. Angalau walimpa miezi kumi ya kuaga, na hawakumtafutia kona nyingine ya kumficha.

Mtaniuliza mbona naegemea mambo ya Marekani. Ni kwa sababu kule ndiko nilikopata kuona mnyororo wote kwa pamoja, kuanzia barua za wakubwa hadi kiti cha mtazamaji. Mkiwa na mzee wenu mwenye rimoti, nanyi semeni.

Leno alirudi kwenye saa yake ya zamani Machi 1, 2010. Jioni ile nilikuwa napiga dabo, nikamwambia mzee kwamba rafiki yake anarudi saa 5:35. Akafurahi, akasema, "Uniamshe." Saa 5:30 niliingia, nikawasha televisheni kwa sauti ndogo, nikamgusa bega. Akafungua jicho moja.

"Theluji imeacha?"

"Bado, Mzee."

Akageukia ukutani. Nikangoja mpaka bendi ikaanza kupiga, nikazima.