Je, Parthenon Iliangushwa na Uzee?

SWALI: Mhariri, ninafundisha historia hapa Tabora. Wanafunzi wangu, waliozoea kuta nene za udongo za tembe la Kwihara, wanauliza kama hekalu la Parthenon la Athens lilipoteza paa kwa uzee. Niwajibu nini?

JIBU: Mwalimu, uzee usibebeshwe lawama hiyo. Hekalu hilo la mungu wa kike Athena, lililoanza kujengwa mwaka 447 KK na wasanifu Iktinos na Kallikrates kwa marumaru ya mlima Pentelikon, lilidumu zaidi ya miaka elfu mbili, likawa kanisa na kisha msikiti, hadi mwaka 1687, kombora la jeshi la Venice lilipolipua baruti ambayo Waturuki walikuwa wameihifadhi ndani.

Binafsi huvutiwa zaidi na nguzo zake, 8 mbele na 17 ubavuni ukihesabu na zile za kwenye kona. Ukizitazama utadhani zimesimama wima kabisa, kumbe zimeinamia ndani kidogo, zimetuna kidogo katikati, na hata sakafu inayozibeba imepinda kwa kuinuka katikati, jambo ambalo fundi wa tembe, mwenye kutafuta usawa wa ukuta kwa jicho, angelielewa upesi kuliko sisi wasomaji wa picha.