Weka Grainda Chini Kwanza: Maswali Yenu ya Nyumba za Kontena

Maswali ya kontena yamekuwa mengi mpaka nimeshindwa kumjibu kila mtu peke yake, kwahiyo nimeyakusanya hapa, yanayofanana nimeyaunga.

Nataka nitoe ubavu mzima wa kontena la futi 40 nipate sebule kubwa. Fundi anasema kata tu, chuma kile hakiendi popote. Ni kweli?

Huyo fundi mwambie aweke grainda, ile mashine yake ya kukatia chuma, chini kwanza. Nguvu za kontena ziko kwenye pembe nne, ndo maana melini yanapangwa moja juu ya jingine yakiwa na mzigo na yanatulia, uzito wote unashuka kwenye nguzo za kona. Sasa ule ukuta wa mikunjo mnaouona kama bati tu, ambao unene wake ni kama milimita 2, ndo unaoshika ubavu usipinde katikati. Ukiutoa wote boriti ya juu inabaki mita 12 haina wa kuishika. Mimi mwenyewe niliwahi kukata dirisha pana bila fremu, haraka zangu tu, milango ikagoma kufunga tukahangaika na jeki siku nzima. Kwahiyo fremu ya skwea paipu nzito ichomewe kwanza, alafu ndo ukate. Na kwa ubavu mzima unahitaji boriti na nguzo za ziada, injinia apige hesabu, hapo usinitegemee mimi.

Ndani si itakuwa oveni?

Itakuwa, tena oveni mchana na friji usiku. Lakini joto kila mtu analitegemea, kinachowashtua watu ni maji. Usiku chuma kinapoa, pumzi zenu na mvuke wa kupika na kuoga vinakigonga vinageuka matone, unaamka shuka limelowa unaanza kutafuta paa linapovuja na halina hata tundu. Watu wa meli wanaiita mvua ya kontena, inawaharibia sana mizigo. Dawa yake ni kuhakikisha mvuke wa ndani haukifikii chuma cha baridi: povu la poliurethani la kupuliza linagandana na bati lenyewe halibakizi upenyo, ndo maana mimi nalipenda kuliko kubandika mashiti ya povu na kuacha nafasi nyuma yake. Ubaya ni kwamba upana wa ndani ni mita 2.35 tu na kila sentimita unayojaza ukutani inatoka chumbani kwako, kwahiyo wengine wanaweka kizuia joto kwa nje alafu wanafunika na mbao au bati. Juu weka paa la pili, lisigusane na kontena, upepo upite katikati. Madirisha yatazamane. Na jikoni na bafuni feni ya kutoa hewa nje sio anasa, usije ukaikata kwenye bajeti.

Futi 20 linatutosha mimi na mke wangu?

Ndani lina kama mita za mraba 14 kabla hujaweka chochote. Inategemea mnapendana kiasi gani, haha. Ila hata ukichukua dogo tafuta lile refu la kwenda juu, la mita 2.9 badala ya 2.6, maana sakafu na siling'i vikishaingia zile sentimita 30 utazishukuru.

Nikilifukia chini ya ardhi?

Hapana. Kuta hazikutengenezwa kusukumwa na udongo ubavuni, zitabonyea, na udongo ukilowa ndo kabisa.

Nasikia sakafu yake ina sumu, au ni maneno ya watu?

Sio maneno. Ile plaiwudi ya milimita 28 kwa kawaida ilitiwa dawa ya kuua wadudu, na juu yake hujui kilimwagika nini miaka yote hiyo. Mlangoni kuna kibao cha chuma, kinaonyesha mwaka lilipotengenezwa na mara nyingi hata dawa iliyowekwa kwenye mbao. Kisome kabla hujalipa. Ukiona madoa au harufu kali achana nalo tu. Mimi huwa nang'oa plaiwudi yote, asiyeweza aipake epoksi, ile rangi nzito inayokauka ngumu, mpaka izibe kabisa. Na rangi za zamani zinaweza kuwa na kromati au madini ya risasi, zote sumu, kwahiyo anayekata na kuchomelea avae maski ya ukweli, sio kitambaa.

Lazima msingi? Si nalitua tu chini?

Litue kwenye zege, kila pembe na nguzo yake, zote levo moja, la sivyo milango haitafunga. Chuma chake kinavumilia kulowa na kukauka, ila kukaa kwenye unyevu muda wote hakiwezi, kutu itakula kuanzia chini usikoona.

Simu inashika mtandao humo ndani?

Kwa shida, umekaa ndani ya boksi la chuma! Karibu na dirisha inashika, kwingine weka ruta ya intaneti ndani. Na ukishamwita fundi umeme kwa hiyo ruta mwambie aunganishe kontena lenyewe na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, maana waya mmoja ukichubuka nyumba nzima inakuwa na shoti.