Kamba ikikatika, dirisha lisimame

Dirisha la kwanza la kupanda na kushuka nililolitengeneza lilianguka siku ya 41. Nilikuwa nimelifunga kwenye banda la chipsi hapa Tanga. Upana wake ulikuwa mita 1.2, kimo sentimita 90, fremu ya mvule, kioo cha milimita 6. Mchana lilipandishwa juu wateja wahudumiwe, usiku likashushwa na kufungwa komeo. Jioni hiyo dada anayehudumia alikuwa ametoka kumpa mteja sahani yake, mkono ndio kwanza ameurudisha ndani, kamba ya kushoto ikakatika. Ya kulia ikabaki na mzigo wote peke yake, nayo haikukaa. Kioo kilimwagika mpaka barabarani. Hakuna aliyeumia, lakini usiku ule sikulala.

Kesho yake mama mwenye banda aliniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifundisha kazi: "Fundi, uzuri wa dirisha lako nimeuona. Sasa nataka lisilonikata mkono."

Nayaandika haya kwa mafundi wenzangu wanaopata kazi za aina hii, maana zinaongezeka: mabanda ya vyakula, madirisha ya maduka ya dawa, vibanda vya kukatia tiketi. Wengi wetu tunajua kulipandisha dirisha. Kulizuia lisianguke tunaiachia kamba.

Kwanza ujue unashindana na nini. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila mita moja ya mraba kwa kila milimita ya unene. Kioo cha milimita 6 basi ni kilo 15 kwa mita ya mraba. Changu kilikuwa kama kilo 16, na fremu yake kilo 6, jumla 22. Kilo 22 si nyingi, mtu mzima anazibeba. Lakini zikianguka sentimita 70 zinafika chini zikiwa na mwendo wa karibu kilomita 13 kwa saa, na kama kinachozizuia kinaruhusu sentimita moja tu ya kusimamia, nguvu inayopiga pale ni kama tani moja na nusu. Hiyo ndiyo inayoupata mkono wa mtu uliolala kwenye kizingiti. Sasa chukua dirisha lile lile, likamate likiwa limeshuka sentimita 2 tu, lisimame ndani ya sentimita moja. Nguvu inakuwa kilo 66. Tofauti yote iko katika kuwahi. Breki kali inayochelewa itang'oa skrubu na kupasua mbao, na breki ya kawaida inayowahi itatosha. Nilichukua muda mrefu kulielewa hilo, kwa hiyo nitakusimulia nilikopitia.

Nilianza na raba. Nilikata vipande vya raba ya tairi, nikavibana ubavuni mwa fremu kwa skrubu yenye kipepeo, ukikaza inabana, ukilegeza dirisha linapita. Wiki ya kwanza mambo mazuri. Masika yakaingia, mbao ikanywa maji ikavimba, dirisha halipandi mpaka wasukume watu wawili. Kaskazi ilipokuja mbao ikakauka na kusinyaa, dirisha likawa linateleza lenyewe. Na kwenye banda la chipsi kuna adui mwingine, moshi wa mafuta. Unapanda, unatua juu ya raba, unakuwa utando mwembamba wa kunata, kisha ukipata joto unateleza kama sabuni. Msuguano unaotegemea hali ya hewa na usafi wa jikoni unaweza kulishikilia dirisha lililotulia. Usiuite breki.

Nikaja na meno. Nilikata mbao ya pembeni meno kama ya msumeno, nikaweka kingoe cha chuma kinachoingia kwenye jino ukikisukuma kwa mkono. Kinashika vizuri sana. Shida ni kwamba mtu akiwa na wateja kumi mbele yake, mafuta yanachemka, simu inaita, hasukumi kingoe. Nilipita pale mara nne kwa siku tofauti, mara tatu nikakuta kingoe kimelala. Sikumlaumu dada yule. Usalama wangu nilikuwa nimeuweka mahali ambapo lazima mtu akumbuke.

Kilichonifungua macho ni lori. Ndugu yangu ni dereva, na siku moja alinichukua asubuhi twende Korogwe. Tukakaa ndani ya gari injini ikiunguruma, hatuondoki. Nikamuuliza tunangoja nini. Akasema tunangoja upepo ujae. Hapo ndipo aliponieleza: lori lile breki zake za kuegesha zinashikwa na springi, na upepo kazi yake ni kuzisukuma springi zile ziachie. Bomba likipasuka njiani upepo ukaisha, springi zinabana zenyewe. Gari halihitaji upepo ili lisimame. Linauhitaji ili liende.

Nilirudi nyumbani nikasoma, nikakuta wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1854 mjini New York, Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa la lifti mbele ya umati wa watu kwenye maonyesho, akaamuru kamba iliyolishikilia ikatwe. Juu ya jukwaa aliweka springi ya bapa kama zile za magari ya farasi, imepindwa, na kamba ndiyo iliyoivuta. Kamba ilipokatika springi ikajinyoosha, ncha zake zikaingia kwenye meno ya reli za pembeni, jukwaa likasimama. Hakuna aliyevuta kitu wala kubonyeza kitu.

Kwa hiyo dirisha langu la pili nililipanga kinyume. Breki ndiyo hali ya kawaida, na kamba ikiwa hai na imekaza ndiyo inayoizuia isishike. Muundo wenyewe ni huu. Kila upande nilisimamisha bapa la chuma la milimita 4, limefungwa juu na chini kwenye nguzo. Kwenye kona ya juu ya fremu nikaweka kisanduku cha chuma kinacholikumbatia bapa lile. Upande mmoja wa kisanduku una taya lisilotembea, upande wa pili una kidole, yaani chuma chenye umbo la nusu yai kinachozunguka kwenye pini. Kidole kina mkia, na kamba ya dirisha imefungwa kwenye mkia huo, haikufungwa kwenye fremu. Kamba ikivuta, mkia unapanda na kidole kinakaa mbali na bapa, milimita moja na nusu hivi. Kamba ikilegea, springi ndogo inakirudisha kidole, kinagusa bapa, na uzito wa dirisha wenyewe unakizungusha zaidi. Kadiri dirisha linavyotaka kushuka ndivyo linavyojibana. Springi haihitaji nguvu kubwa, kazi yake ni kugusisha tu.

Zingatia lile taya. Mara ya kwanza nilikiacha kidole kisukume nguzo ya mbao moja kwa moja, na kiliposhika kilisukuma fremu nzima upande wa pili. Kidole kikibana bapa dhidi ya taya, nguvu yote inabaki ndani ya kisanduku na mbao haijui kilichotokea.

Pembe ya kidole ndiyo roho ya kazi. Chora mstari kutoka kwenye pini mpaka pale kidole kinapogusa bapa, kisha mstari mwingine ulionyooka kwa mraba kutoka kwenye bapa. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ikiwa kubwa, kidole kinateleza. Ikiwa ndogo, kinashika. Chuma kikavu juu ya chuma kinasamehe, lakini chenye mafuta msuguano wake unaweza kuanguka mpaka 0.15, na hapo pembe yoyote iliyozidi nyuzi 8 na nusu haikuhakikishii kitu. Mimi nilichagua nyuzi 8. Usifikiri basi nyuzi 3 ni salama zaidi, kwa sababu pembe ikipungua nguvu ya kubana inapanda. Kwa nyuzi 8, kilo 11 za upande mmoja zinabana kwa karibu kilo 78 dirisha likiwa limetulia, na wakati wa kulikamata likianguka weka mara tatu yake, kama kilo 235. Kisanduku changu cha kwanza nilikichomelea kwa bati la milimita 2. Kilifunguka kama ganda la chaza. Sasa natumia milimita 5, na pini ya milimita 10.

Kuna kosa moja lililonisumbua wiki mbili, nalieleza ili lisikusumbue. Dirisha lilikuwa likipandishwa mpaka juu kabisa linagoma kushuka. Ukilipandisha nusu hakuna tatizo. Nilifungua breki, nikapiga msasa, nikabadilisha springi, wapi. Mwisho nikafungua ubao wa pembeni nikatazama chuma cha kusawazisha, yaani ule uzito unaoning'inia mwisho wa pili wa kamba, ng'ambo ya kapi, ili dirisha lipande kirahisi. Dirisha linapopanda, chuma kinashuka. Kamba mpya ilikuwa imerefuka kwa kuvutwa, chuma kikawa kinagusa sakafu ya kijisanduku chake kabla dirisha halijamaliza safari. Kikigusa, kamba inalegea. Ikilegea, breki inafanya ilichotengenezewa. Breki ilikuwa sahihi muda wote! Sasa naacha nafasi ya sentimita 8 chini ya chuma, na kamba mpya nainingʼinizia mzigo siku mbili kabla ya kuipima.

Na kwa kuwa breki inashika upande wa kushuka peke yake, ukiliinua dirisha haraka kuliko chuma kinavyoweza kushuka, kamba italegea kidogo na kidole kitagusa bapa bila kukuzuia. Kikishika, inua dirisha sentimita moja, kinaachia. Watumiaji wafundishwe hilo siku ya kwanza, wasije wakapiga nyundo.

Kuhusu vyuma vya kusawazisha, Waingereza wana madirisha haya kwenye nyumba zao tangu karne ya 17, vyuma vimefichwa ndani ya nguzo, na desturi yao ni nzuri kuiga: chuma cha dirisha la chini kiwe chepesi kidogo kuliko nusu ya dirisha, ili likishushwa litulie. Zege haifai kwenye nafasi finyu. Nondo nene ya milimita 50 inatoa kilo 11 kwa sentimita 71, lakini zege ya unene huo huo itataka zaidi ya mita mbili, na mita mbili huna. Kamba nayo itazame pamoja na kapi yake. Kwenye lifti, kwa kawaida kipenyo cha kapi hakipungui mara 40 ya kipenyo cha waya. Sisi tunachukua waya wa milimita 3 tunaupitisha kwenye kapi ya milimita 25, kila safari unapindwa na kunyooshwa, nyuzi zinakatika moja moja kwa ndani, na chumvi ya bahari inamalizia. Ndivyo dirisha langu la kwanza lilivyokufa. Kama huna nafasi ya kapi kubwa, tumia kamba ya poliesta iliyosukwa ya milimita 8, inavumilia kupindwa kuliko waya. Springi na pini ndogo ziwe za chuma kisichoshika kutu, na ukiwa karibu na maji kama sisi ulizia daraja la 316.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisitumie shoki za buti la gari. Zinapandisha vizuri, lakini gesi yake inavuja polepole, na siku ya mwisho haikuagi. Ukizitumia, weka breki vile vile.

Majaribio nayafanya bila kioo. Naweka plaiwudi kwenye fremu na kufunga mifuko ya mchanga mpaka zifike kilo 22, chini natandika godoro kuukuu. Nalipandisha, nakata kamba moja kwa kisu, napima limeshuka kiasi gani. Kisha nakata zote mbili kwa pamoja. Nafanya hivyo likiwa juu, katikati na karibu na chini, likiwa kavu, halafu nikiwa nimelipaka bapa mafuta ya kupikia. Jaribio langu la kwanza lilishuka sentimita 9, kwa sababu springi ilikuwa dhaifu na kidole kilikaa mbali mno. Nilipokisogeza mpaka milimita moja na nusu, likawa halizidi sentimita 2, hata likiwa na mafuta. Ndipo nikaweka kioo, na safari hii kile kilichoimarishwa kwa moto, ambacho kikivunjika hugeuka chembe butu. Bapa huoshwa kwa maji ya moto na sabuni kila mwisho wa wiki, na kamba nabadilisha kila mwaka kabla ya masika, iwe imechoka au haijachoka.

Nilipolirudisha dirisha bandani nilimwomba mama mwenye banda achague kisu mwenyewe. Alichukua cha kukatia viazi. Akasimama pembeni, nikawaondoa watoto waliokuwa wanatazama, akakata ya kushoto. Dirisha likabaki pale pale. Akanitazama, akakata ya kulia. Ukasikika mlio mmoja wa chuma, dirisha likashuka upana wa kidole kimoja likasimama. Aliweka kiganja chake kwenye kizingiti, chini ya dirisha lile, akakiacha hapo kwa muda huku akiliangalia. Kisha akasema, "Haya fundi, funga kamba mpya, viazi vinaungua."