Vyanzo vya mradi wa Mapinduzi

Mdogo wangu wa Wete, umeuliza utapata wapi vyanzo vya kuaminika vya mradi wa Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, mbali na noti za darasani. Anza na uchaguzi wa Julai 1963, maana pale hesabu haina ushabiki: chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. Vyama vya ZNP (Hizbu), viti 12, na ZPPP, viti 6, vikaungana vikaunda serikali, ndiyo iliyopinduliwa. Chanzo kinachokosea hapo kiweke pembeni.

Kisha wasome mahasimu. John Okello, aliyejitangaza kiongozi wa Mapinduzi, alichapisha kumbukumbu zake 1967, na humo yeye ndiye kila kitu. Simulizi ya chama, yaani ASP, inamtanguliza kiongozi wake Karume na Kamati ya Watu 14 inayosemwa ilipanga Mapinduzi, Okello humuoni sana. Sheikh Ali Muhsin, waziri katika serikali iliyopinduliwa, naye kaandika yake. Wanapopishana usichague unayempenda, andika nani kasema nini. Mwalimu mzuri atakupa alama kwa hilo kuliko kurasa kumi za kunakili.

Nyaraka za Taifa zipo Kilimani, Unguja. Ukivuka, nenda na barua ya skuli. Wazee unao hapo hapo Pemba, ila uliza kwa adabu, nyumba nyengine jeraha bado bichi. Muulize "siku ile ulikuwa wapi?", halafu tenga aliyoyaona na aliyohadithiwa. Vile vipande vya WhatsApp visivyo na mwandishi wala mwaka, achana navyo kabisa.