Kwa nini binti yangu analishwa kidogo hivi wodini?

SWALI: Mimi ni mama wa binti wa miaka 17, yuko kidato cha tatu, anasoma bweni. Amerudi likizo amekonda mno: kilo 36, na urefu wake ni sentimita 160. Tulidhani ni vidonda vya tumbo, kumbe kwa wiki tatu alikuwa akiishi kwa chai ya rangi na vipande vya tango. Nyumbani anawapikia wadogo zake pilau nzuri kabisa, mwenyewe haonji. Hospitali wamesema ni anoreksia, ugonjwa wa akili wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, wamemlaza. Wanampa kikombe kidogo cha maziwa kila baada ya saa tatu, na kila asubuhi wanamtoa damu kupima madini. Nilimpelekea mtori na soda, nesi akanikatalia. Mtoto amekaa na njaa muda wote huo, kwa nini asilishwe ashibe? Na je, shule zikifunguliwa mwezi ujao, arudi?

JIBU: Mama, pole sana. Najua inavyouma kusimama kando ya kitanda na chakula mkononi halafu ukaambiwa urudi nacho. Lakini nesi yule alimlinda mwanao.

Mwili uliokaa na njaa kwa wiki kadhaa hubadili kabisa namna unavyojiendesha. Wanga haupo, kwa hiyo unachoma mafuta na nyama yake wenyewe, na insulini, homoni inayoingiza sukari ndani ya seli, inashuka. Akiba ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli inapungua siku hadi siku. Tatizo ni kwamba damu inaweza kuonyesha kiwango cha kawaida wakati ndani akiba imekwisha, ndiyo maana majibu mazuri ya siku ya kwanza hayatoshi.

Sasa chukua bakuli la mtori, ambalo ni ndizi, yaani wanga mwingi, na chupa ya soda yenye sukari ya karibu vijiko 8 vya chai. Insulini inapanda ghafla. Seli zinaanza kuvuta sukari, na pamoja nayo zinavuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu iliyokuwa nayo kidogo. Fosfeti ndiyo mwili unayotengenezea nguvu ya kila seli. Ikiporomoka, msuli wa moyo unalegea na misuli ya kupumua inachoka. Potasiamu ikishuka, mapigo ya moyo yanakwenda ovyo. Vitamini B1 nayo hutumika kuchakata wanga, na ikiisha ubongo unaweza kuharibika. Ndiyo sababu hupewa kabla chakula hakijaongezwa. Hivi ndivyo mtu aliyestahimili wiki tatu za njaa anavyoweza kufa siku ya tatu ya kula. Madaktari waliyaona haya mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wafungwa waliokombolewa walipokula kwa wingi wakaanza kufa.

Manesi wetu wa wodi za watoto wanaijua kanuni hii vizuri. Mtoto mwenye utapiamlo mkali haanzishiwi chakula kizito. Anaanza na F-75, maziwa maalumu mepesi ya tiba, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, na akitulia ndipo anahamishiwa F-100 yenye nguvu zaidi. Binti yako anapitia njia inayofanana na hiyo.

Ni kiasi gani cha kuanzia? Mwongozo wa Uingereza wa 2006 kwa watu wazima walio hatarini ulishauri kuanza na kilokalori zisizozidi 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, au 5 hali ikiwa mbaya kabisa. Kwa vijana wenye anoreksia, hospitali nyingi zinazoweza kupima damu kila siku sasa huanza juu zaidi ya hapo, kwa sababu kumlisha kidogo mno kwa muda mrefu nako kunamaliza. Kwa hiyo una haki ya kuuliza. Kama siku ya nne au ya tano bado ni kikombe kile kile, na madini hayajashuka, muulize daktari kwa upole: tunaongeza lini? Ukiona miguu imevimba, anahema kwa shida, anachanganyikiwa au moyo unamwenda mbio, mwite nesi hapo hapo, usingoje raundi ya asubuhi.

Umeandika kwamba anapika pilau na haonji. Sentensi hiyo imenigusa, maana familia nyingi huichukulia kama kiburi. Kuanzia mwishoni mwa 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, vijana wa kiume 36 wenye afya walijitolea kula nusu shibe kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Wakaanza kuota chakula usiku, kusoma vitabu vya mapishi, kujitenga, kukasirika kwa jambo dogo. Hawakuwa na anoreksia hata kidogo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ukaidi unaouona kwa binti yako sasa ni njaa yenyewe. Usibishane nayo. Mazungumzo ya kina kuhusu hofu yake ya kunenepa yatafaa zaidi ubongo ukishapata chakula. Wala hakuna kidonge cha kuponya anoreksia. Fluoxetine, dawa ya sonona, inawasaidia wenye bulimia, wale wanaokula sana kisha kujitapisha.

Akiruhusiwa, kazi inahamia mezani kwako. Kwa vijana, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi ni ile iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London: wazazi wanashika usukani wa chakula kwanza, kisha wanamrudishia mtoto polepole. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu. Unapakua wewe, mnakaa naye mpaka amalize, na kwa saa moja baada ya kula haendi chooni peke yake, asije akajitapisha. Kipande cha chapati kinaweza kumchukua dakika 40, na nusu yake ukaikuta imefichwa kwenye kanga. Usimpige, usimtishe. Mwambie, “Najua unaogopa, mama nipo, tunamaliza.” Mpimeni mara moja kwa wiki tu. Na waombe shangazi na majirani wasimwambie “umenenepa!” Kwetu ni sifa, lakini yeye ataisikia kama hukumu na kesho yake atakataa uji.

Kuhusu shule: mwezi ujao hapana. Bweni ndiko alikoweza kuacha kula wiki tatu, kwenye foleni ya sahani ambako hakuna anayeangalia nani amekula. Zungumza na mkuu wa shule mapema kuhusu ruhusa ya ugonjwa. Arudi pale daktari atakaporidhika na uzito na mapigo ya moyo, akiwa anamaliza milo yake bila kusimamiwa kwa wiki kadhaa. Ikiwezekana aanze kwa kutwa, alale nyumbani, na chakula cha mchana ale mbele ya matroni au mwalimu mmoja aliyeelezwa hali yake.